Bonde Lililoandikwa Tupu

Ofisi ya Ramani, ghorofa ya nne
9 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kila nikikupigia, yule mwanamke wa mtandao ananiambia hupatikani, na sasa nimeisikia sauti yake mara nyingi kuliko yako. Gari la ofisi linakuja huko Alhamisi. Dereva ameahidi kukupa bahasha mkononi.

Nina habari. Ile ramani ya nyanda kame zote, kazi niliyokuambia watapewa wakubwa, nimepewa mimi. Mkurugenzi aliniita mbele ya watu akasema Kijiti ndiye atakayeiongoza. Ndiyo, hata hapa wananiita Kijiti. Nilikosea kuwaambia.

Kazi yenyewe ni hivi. Setilaiti inapita juu yetu kila baada ya siku chache na kupiga picha, kisha kompyuta inapanga rangi: kijani kilichoiva ni msitu, kijani kilichopauka ni vichaka na nyasi, njano ni mashamba, kahawia ni ardhi tupu isiyo na kitu. Tatizo ni mawingu. Nilizitaka picha za Aprili, mvua ikiwa imekolea, lakini kila nikifungua moja naona sufi juu ya sufi. Kamati nayo inataka ramani mwisho wa Agosti. Basi nimetumia za siku hizi, mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai, anga likiwa jeupe halina doa.

Lakini picha haitoshi, lazima mtu akanyage. Ndiyo maana nakuletea fomu ishirini, za mahali ishirini nilipotia alama kwenye eneo lako. Kila fomu inasema kompyuta imeona nini, nawe unaandika Ndiyo au Hapana, unatia sahihi na muhuri wa kituo. Afisa malisho wa huko ni wewe, hakuna mwingine. Ukiona kosa, liandike. Usinionee haya kwa kuwa ni mimi.

Ile karatasi kubwa iliyokunjwa ni rasimu ya ramani, nakala ya Baba. Macho yake yanaendeleaje? Mwambie mpima ardhi mstaafu akague kama mwanawe amepatia.

Kijiti


Kituo cha Malisho
22 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Bahasha imefika, pembe moja imelowa soda ya dereva.

Baba ana afya. Macho ni yale yale: mtoto wa jicho amelifunika la kulia kabisa, na kwa la kushoto anaona mwanga na vivuli. Hilo halikumzuia kuipokea ramani yako kama mjukuu. Alitaka itundikwe sebuleni, kwenye ukuta unaotazama dirisha. Ukuta huo ulikuwa na rafu yangu ya majani makavu, miaka kumi na miwili ya majani, kila moja limebandikwa kwenye karatasi yake na jina lake chini. Akasema rafu inaweza kukaa koridoni. Basi iko koridoni, na kila anayekwenda bafuni anaigonga kwa bega.

Hakuna mgeni anayetoka bila kusimamishwa mbele ya ramani. Mama Mapacha, yule mfugaji jirani anayenisaidia kutafuta mimea, alikuja kuazima ndoo akaelezwa setilaiti robo saa nzima. Baba huweka kidole anapokisia, kisha huniuliza, "Hapa rangi gani?" Nami namsomea. Nimekuwa msomaji wa ramani yako jioni hata jioni. Hajawahi kuniuliza jani nililoleta juzi ni la mti gani.

Sikulaumu. Nakueleza tu hali ya nyumba.

Fomu nimezijaza zote ishirini, sahihi na muhuri. Hazina neno.

Hongera kwa kazi kubwa.

Dada yako


Barua hii iliandikwa, haikutumwa
23 Julai

Kijiti,

Nimedanganya. Gari la ofisi bado halijaondoka. Dereva anabadilisha tairi hapo nje, namwona dirishani, na bahasha yenye fomu iko kwenye kiti cha mbele. Ningeweza kutoka sasa hivi nikaichukua.

Ni alama ya kumi na nne, ya kumi na tano, ya kumi na sita na ya kumi na saba. Zote ziko kwenye bonde la visima. Kompyuta yako imeona ardhi tupu, nami nimeandika Ndiyo mara nne.

Bonde lile si tupu. Vichaka vyake hupukutisha majani mwezi wa Juni ili visife kiu, na nyasi hukauka mpaka zikashabihiana na udongo. Ukikwangua gome kwa ukucha, ndani ni kijani kibichi. Mvua ikinyesha siku kumi tu, huoni tena pa kuukanyaga udongo mtupu. Mifugo ya wilaya nzima huokolewa na bonde lile kila Novemba. Hakuna anayeyajua haya kuliko mimi, na wewe umelipaka kahawia.

Nilipoiona ile kahawia, unajua nilihisi nini? Nilifurahi. Nilikaa na kalamu mkononi nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu ramani yako iingie humu ndani.

Mwaka ule Mama alipougua akawa wa kitandani, Baba alisema mmoja wetu abaki nyumbani. Hakutaja jina, alinitazama tu. Wewe ukaenda shule na sanduku jipya, mimi nikabaki kumgeuza Mama ubavu, huu na huu, mpaka alipotutoka. Ukirudi likizo ulikuwa na vitabu vyenye jina lako ndani ya jalada. Mimi nimekuja kusoma baadaye, cheti cha miaka miwili, nimekaa dawati moja na watoto walioniita mama.

Sitaki ufukuzwe. Nataka siku ile mbele ya wakubwa mtu mmoja aseme bonde hili si tupu, nawe ukose jibu. Ukose mara moja tu. Kisha waulize, nani anaijua nchi ile? Aitwe. Nami nije na majani yangu.

Jana Baba aliweka kidole juu ya bonde lile akauliza rangi gani. Alilipima ujanani kwa mnyororo wa chuma. Nikamwambia, "Kijani, Baba." Akatabasamu, akasema Kijiti hakosei.

Nilikuwa naandika hii nimpe dereva. Nilipofika hapo kwenye "hakosei", kalamu ikakataa. Nasikia gari linawaka. Amefunga mlango. Limeondoka.


Ofisi ya Ramani
3 Septemba

Dada,

Shikamoo. Imepita.

Ukumbi ulikuwa na watu arobaini na kiyoyozi kibovu. Walipofika kwenye eneo lenu, mzee mmoja wa kamati mwenye miwani minene alinyanyua kalamu. "Bonde zima hili ni tupu? Mna hakika?" Nikawaambia kwamba eneo lile limehakikiwa kwa miguu na afisa malisho aliyeishi huko maisha yake yote, anayeijua nchi ile jiwe kwa jiwe, na sahihi yake ni hii hapa. Nikainua fomu yako juu. Sikusema ni dada yangu, lakini moyoni nilisema. Mzee akaandika kitu, akakubali kwa kichwa, watu wakapiga makofi.

Nimefanywa mkuu wa kitengo. Nimepewa ofisi yenye mlango. Nakuwekea humu gazeti lenye picha yangu, mbaya sana, nimefumba jicho moja.

Na lile bonde limekwishapata mwenyewe. Kuna kampuni ya umeme wa jua iliyokuwa ikitafuta ardhi tambarare isiyo na kitu wala mtu, ramani ikawaonyesha. Uzio utaanza kujengwa Oktoba.

Sasa niseme jambo nililolimeza tangu Julai. Uliponiandikia kwamba unamsomea Baba ramani jioni hata jioni, nilisoma mstari ule mara tatu nikaiweka barua chini. Wewe ulidhani unalalamika. Mimi niliwaona mmekaa bega kwa bega, kidole chake juu ya karatasi yangu na sauti yako sikioni mwake. Huku nina ofisi yenye mlango na hakuna wa kuugonga. Miaka miwili sijapata neno la Baba hata moja, ni "Baba anakusalimia" tu kwa mwandiko wako. Mwombe aseme, nawe uandike kama anavyosema. Neno kwa neno, Dada.

Ndiyo, nakuonea wivu. Cheka tu.

Kijiti


Kituo cha Malisho
18 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Gazeti limefika. Baba amelitundika ubavuni mwa ramani, kwa hiyo ukuta umejaa na rafu yangu haina tena matumaini ya kurudi. Picha si mbaya. Umekonda, lakini pengine wakuu wa vitengo ndivyo wanavyokuwa.

Kumbe mimi ni "afisa malisho aliyeishi huko maisha yake yote". Asante kwa kunitaja bila jina. Ni kweli nimeishi huku maisha yangu yote, na sababu unaijua.

Swali moja. Kabla ya kulitoa bonde, kuna aliyewauliza wafugaji? Mama Mapacha ameona watu wanapima mashimo ya nguzo, akaja kuniuliza ni ya nini. Nilimwambia sijui. Pengine ingefaa mtazame na picha za wakati mwingine wa mwaka. Nauliza tu.

Baba anakusalimia.

Dada yako


Ofisi ya Ramani
1 Oktoba

Dada,

Nilikuomba neno kwa neno. Umeniandikia maneno mawili.

Na hilo swali lako. Nilipofaulu ulisema mtihani wa mwaka ule ulikuwa mwepesi. Nilipopata kazi uliuliza kama ni ya kudumu. Sasa nimepata kitengo, unauliza kama tuliwauliza wafugaji. Wewe hata kwenye kipara utatafuta chawa. Julai ulikuwa na kalamu mkononi na fomu ishirini mezani. Kama kulikuwa na neno, si ungeliandika?

Kubali tu kwamba kuna kitu kimoja duniani nimekipatia.

Sitaandika kwa muda. Kazi ni nyingi.

Kijiti


Kituo cha Malisho
27 Novemba

Mdogo wangu,

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya tarehe 23 Julai. Isome hiyo kwanza, kisha urudi hapa.

Umeisoma. Basi nikueleze yaliyofuata.

Mvua ilianza tarehe nane, saa tisa mchana. Kufika tarehe kumi na nane bonde lilikuwa limesimama kijani, nyasi magotini. Wafugaji wakashuka na mifugo yao kama kila mwaka, wanyama wamebaki ngozi na mifupa baada ya kiangazi. Wakakuta waya wa miba unaopita kimo cha mtu, na walinzi. Nyasi ziko upande wa pili. Mbuzi walikuwa wakipenyeza midomo kwenye matundu ya waya wakila kile wanachofikia. Waliposimama wao ni changarawe. Mvua ya baridi ikawanyeshea siku nne mfululizo, tumboni hamna kitu, na mnyama aliyekonda hivyo hastahimili baridi. Walikuwa wanalala chini tu, hawaamki.

Mama Mapacha alikuwa na mbuzi hamsini na wawili. Wamebaki kumi na wanane. Alijaribu kuukunja ule waya kwa mikono yake. Mimi ndiye niliyemfunga bendeji, viganja vyote viwili, hapa sebuleni kwetu, naye muda wote ananishukuru. Ananishukuru mimi, Kijiti.

Baba alimuuliza uzio umepita wapi hasa, naye akamweleza kisima kwa kisima. Mama Mapacha alipoondoka kwenda kuwaangalia mbuzi waliobaki, Baba akaniita, akasema kuna jambo haliingii akilini, pale ramani inaonyesha kijani na hakuna anayegawa malisho ya kijani kama kiwanja kitupu.

"Hebu nisomee tena pale bondeni," akasema.

Nilisimama mbele ya ramani yako. Ningeweza kusema kijani mara ya pili, asingejua. Nikasema, "Kahawia, Baba. Ni kahawia tangu siku ilipokuja."

Kisha akauliza, "Na fomu?" Alikuwa mpima, anajua hakuna ramani isiyo na fomu. Nikamwambia yote, na kwa nini.

Hakunipigia kelele. Aliinuka, akapapasa ukuta, akaing'oa ramani msumari mmoja baada ya mwingine, akaikunja vibaya, na gazeti lako akalikunja ndani yake. "Andika," akasema. "Nitakaa hapa mpaka umalize." Yuko hapa, kiti cha mbele yangu. Kila nikisimamisha kalamu anageuza uso.

Lipo na jingine, hili Baba halijui. Ulipotaka maneno yake neno kwa neno, nilimwomba na akayasema. Mimi nikaandika "Baba anakusalimia". Alisema hivi: "Mwambie kwamba siku alipoondoka na lile sanduku nilikwenda nyuma ya nyumba nisionekane, nikalia mpaka gari likapotea. Mwambie sijui kuandika mambo kama hayo, ndiyo maana siandiki." Niliyasikia yale nikashindwa kuyapitisha mkononi. Mimi sikuondoka, kwa hiyo sitajua kama ningeliliwa.

Sijui kama hii ni kuomba msamaha. Nadhani nataka tu unichukie kwa sababu ya kweli, si kwa lile swali la wafugaji.

Dada yako


Ofisi ya Ramani, ghala la chini
6 Desemba

Dada,

Nimezisoma zote mbili. Ile ya Julai niliisoma nimesimama, nikakaa kwenye ngazi, watu wakawa wananiruka.

Walishaniita kabla barua yako haijafika. Picha za Novemba zilikuwa mezani, bonde lenu linawaka kijani kama limepakwa rangi. Mzee wa miwani akaomba aone fomu za uhakiki. Nikasema zilipotea tulipohama ofisi. Nikasema kosa ni langu peke yangu, nimetegemea picha za msimu mmoja katika nchi inayobadilika kila msimu. Wamenivua ukuu wa kitengo. Nimeshushwa ghalani kupanga ramani kuukuu, chumba hakina dirisha.

Usije ukaniona malaika. Fomu ziko ndani ya mkoba wangu, na sikuzificha kwa kukupenda. Sikuweza kuvumilia wajue kwamba ile sahihi niliyoiinua mbele yao ni ya dada yangu, na ramani yangu nzima ilisimama juu yake. Afadhali nionekane nimekosea mwenyewe kuliko ionekane hata kukosea siwezi bila wewe.

Na mimi nina langu. Katika zile picha za Aprili kulikuwa na moja yenye upenyo. Kati ya mawingu mawili kilionekana kipande cha bonde lenu, kidogo kama ukucha, na kilikuwa kijani. Nilikiona, Dada. Ningekuandikia mstari mmoja tu: je, bonde hili huwa hivi kila mvua? Sikuandika. Ungenijibu kurasa nne pamoja na majani, na jina lako lingebidi liwekwe chini ya ramani, kando ya langu. Nilitaka niwe peke yangu pale chini. Nikajiambia fomu itasema. Fomu iliposema Ndiyo, nikafurahi, na nilijua nafurahia kitu kisicho sawa.

Maneno ya Baba nimeyanakili kwenye karatasi yangu, kwa mwandiko wangu. Ule mstari uliouandika wewe nimeukata kwa mkasi nikautupa.

Nawafikiria wale mbuzi waliopenyeza midomo. Kila nikifunga macho.

Sijakusamehe. Usinijibu ukiwa unalia, mwandiko wako hausomeki.

Kijiti


Kituo cha Malisho
14 Januari

Mdogo wangu,

Nimesubiri mpaka nikauke.

Najua umeshasikia huko ghalani kwamba nilimwandikia Mkurugenzi. Kituo hubaki na nakala za fomu, nikampelekea zile nne za bondeni pamoja na maelezo. Amekuja mwenyewe na yule mzee wa miwani, viatu vya ngozi kwenye matope. Niliwatembeza bondeni kutwa nzima. Nilivunja kijiti nikawaonyesha ndani, nikawaambia Julai kilikuwa hivi hivi ndani, ila nje huwezi kujua usipokwangua. Mzee akaniuliza kwa nini basi niliandika Ndiyo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kiofisi. Yakanipotea yote, nikasema, "Nilimwonea wivu mdogo wangu." Mkurugenzi alitazama pembeni. Mzee akasema hajawahi kuona sababu hiyo kwenye ripoti yoyote, ingawa anadhani imewahi kuwepo kwenye nyingi.

Uzio umeshafunguliwa upande wote wa visima, na kampuni inahamishiwa kule magharibi kwenye mawe, ambako hata Aprili hakuoti kitu. Muhuri wamenipokonya. Nimeachwa kazini kwa uangalizi wa mwaka mzima, siruhusiwi kutia sahihi hata kwenye risiti ya mafuta ya taa.

Ramani itarudiwa kwa picha za Aprili, za Julai na za Novemba zikiwekwa pamoja. Za Aprili itabidi ziokotwe upenyo kwa upenyo, siku hii kipande hiki, siku nyingine kile. Mkurugenzi alisema mbele yangu kwamba wa kuifanya ni wewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyeyakodolea macho mawingu yale. Alipolitamka hilo, kile kijiba cha roho kikanichoma palepale, nimesimama katikati ya bonde nililoliponza. Nakuambia ili ujue kwamba hakijafa. Nitakuwa nacho ukija.

Kisha nilikwenda kwa Mama Mapacha. Baba alitaka kunisindikiza, nikakataa. Nilimkuta anakamua, viganja vina makovu mapya, anakamua kwa vidole viwili vya kila mkono. Nilimweleza kila kitu nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti, alikuwa hajajua bado kama ni maongezi ya kukaa. Nilimweleza habari ya fomu, ya sanduku lako, ya rafu yangu koridoni. Alisikiliza mpaka mwisho, maziwa yanaendelea kushuka.

Akaniuliza, "Ulikuwa unanionea wivu mimi?"

Nikasema hapana.

"Mapacha wangu walikukosea?"

Nikasema hapana.

"Basi mbona mbuzi wangu?"

Nilisimama pale mpaka alipomaliza kukamua, akachukua chombo chake akaingia ndani. Hakufunga mlango, wala hakuniita niingie.

Wiki iliyopita Mkurugenzi alimtumia ujumbe, kwamba mwezi wa Aprili tutapita bonde zima kichaka kwa kichaka, wewe na mimi, na anahitajika mtu wa kutuongoza anayelijua kweli. Nilidhani atakataa. Amekubali, amesema bonde ni lake kabla halijawa letu. Ila ametoa sharti. Hatatangulia. Sisi wawili tutatembea mbele, yeye atakuwa nyuma yetu njia nzima, na kila tutakachoandika tutamsomea kwa sauti kabla hatujapiga hatua nyingine.

Vaa viatu vizito. Miba ya Aprili haionekani.

Dada yako